Gari za misuli za Marekani na chukudu yetu: chuma, mbao na ushahidi wa mwenye mali



Mwezi wa Januari 2020, huko Kissimmee katika jimbo la Florida, Marekani, gari moja ya zamani iliingia mnadani. Ilikuwa Ford Mustang ya mwaka 1968, rangi ya kijani iliyofifia, bodi yenye michubuko na viti vilivyochakaa. Ukiiona bila kuambiwa kitu, ungesema ipelekwe garaji kabla ya kuuzwa. Lakini iliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 3,7 ukihesabu na ada ya mnada. Familia iliyoiuza, familia ya Kiernan, iliinunua mwaka 1974 kwa dola 6.000, na mama wa nyumba aliitumia kwenda kufundisha shuleni.

Thamani hiyo ilitoka wapi? Gari hiyo ndiyo mwigizaji Steve McQueen aliiendesha katika filamu Bullitt ya mwaka 1968. Mustang za kijani za mwaka huo zimebaki nyingi, na kila mwenye nayo angependa kusema ni yake iliyo ndani ya filamu. Familia hii haikuhitaji kubishana na mtu. Numero ya shasi ilikuwepo na makaratasi yalikuwepo. Ilikuwepo pia barua ya McQueen mwenyewe, aliyoandika mwaka 1977 akiomba wamuuzie tena gari hiyo. Walikataa kuuza, ila barua wakaitunza.

Labda unajiuliza habari hiyo inatuhusu nini sisi wa Kivu Kaskazini, ambao kwetu mtu mwenye moto moja iliyo nzima anamshukuru Mungu. Inatuhusu kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba historia ya magari hayo na historia ya chukudu yetu zilikutana katika miaka ile ile. Ya pili ni kwamba namna watu wanavyonunua na kumiliki magari hayo ina somo kubwa kwa familia iliyokimbia na kuacha mali nyuma.

Gari kubwa kwa bei ya kijana

Wamarekani waliyaita magari ya misuli. Mwaka 1964, kampuni ya Pontiac, moja ya matawi ya General Motors, ilichukua gari ya ukubwa wa kati na kuitia moteri kubwa ya silinda nane, yenye lita 6,4 hivi. Injinia mkuu wa Pontiac wakati huo alikuwa John DeLorean. Gari ikaitwa GTO. Haikuuzwa kama gari ya pekee, bali kama nyongeza juu ya gari ya kawaida: mnunuzi wa Pontiac Tempest aliongeza karibu dola 300 akapewa nguvu hiyo. Mwaka wa kwanza zikauzwa 32.450.

Mwaka huo huo, tarehe 17 Aprili, Ford walionyesha Mustang huko New York. Bei yake ya kuanzia ilikuwa dola 2.368, na ndani ya mwaka mmoja zaidi ya 400.000 zilikuwa zimeuzwa. Wanunuzi wengi walikuwa vijana. Walikuwa na kazi, walipata mkopo kwa urahisi, na esansi ilikuwa bei ya chini.

Tukumbuke jambo hili, kwa maana litatusaidia mbele: magari haya hayakutengenezwa kwa ajili ya matajiri. Yalikuwa ya mfanyakazi wa kiwanda, mwanafunzi, askari aliyerudi nyumbani. Hakuna aliyefikiri kwamba siku moja yangefunikwa shuka na kulindwa kama dhahabu.

Nguvu za Detroit katika tope la Afrika Mashariki

Je, magari ya namna hiyo yalifika upande wetu? Yalifika, na yalipata somo. Tangu mwaka 1953 kulikuwa na mashindano ya magari yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika. Yalianzishwa kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na baadaye yakajulikana kama East African Safari. Barabara zake zilikuwa kama hizi tunazozijua: vumbi leo, tope kesho, na mashimo siku zote.

Mwaka 1964 kampuni ya Mercury, ndugu ya Ford, ilileta kikosi cha magari yake aina ya Comet, yenye moteri za silinda nane. Yalikuja kutoka Marekani na mafundi wake na piesi zake. Mwisho wa safari Comet mbili tu ndizo zilifika, moja nafasi ya 18 na nyingine ya 21. Aliyeshinda alikuwa Peter Hughes, mkaaji wa Kenya, ndani ya Ford Cortina GT, gari ndogo ya Uingereza yenye silinda nne. Shoferi yeyote aliyewahi kupanda kutoka Sake kwenda Masisi wakati wa mvua ataelewa bila kufafanuliwa. Moteri inaweza kuwa na nguvu za farasi 200, lakini barabara ndiyo yenye neno la mwisho.

Huku kwetu Kongo pia, Ford na Chevrolet zilijulikana barabarani tangu wakati wa Wabelgiji. Na moja ya picha maarufu kuliko zote za nchi yetu ina gari ndani yake. Tarehe 29 Juni 1960, siku moja kabla ya uhuru, Mfalme Baudouin alikuwa akipita Léopoldville ndani ya gari iliyo wazi juu. Ambroise Boimbo akatoka katikati ya watu, akauchomoa upanga wa mfalme na kukimbia nao. Robert Lebeck, mpiga picha Mjerumani, aliikamata nukta hiyo. Kila Mkongomani anaukumbuka upanga. Gari ni wachache wanaoiangalia.

Baada ya uhuru, katika miaka ya 1970, General Motors ilikuwa hata na kiwanda cha kuunganisha magari Kinshasa. Wakati ule shaba ilikuwa na bei nzuri, na watu wengi waliamini kwamba Zaire itakuwa nchi ya viwanda.

Mwaka 1973: moja inakufa, nyingine inazaliwa

Hapo ndipo historia mbili zinakutana. Mwezi wa Oktoba 1973, wakati wa vita kati ya Israeli na nchi za Kiarabu, nchi za Kiarabu zenye mafuta zilifunga bomba kwa Marekani na marafiki wa Israeli. Pipa moja lililouzwa karibu dola 3 likafika karibu dola 12 mwanzoni mwa 1974. Huko Marekani watu walipanga mistari mirefu kwenye vituo vya esansi.

Gari za misuli zilikuwa tayari zinaumwa. Asiransi ilikuwa imepanda sana kwa vijana wenye magari ya kasi, na sheria ya hewa safi ya mwaka 1970 ilikuwa imewalazimisha watengenezaji kupunguza moshi, na pamoja na moshi nguvu pia zikapungua. Bei ya mafuta ilikuja kumalizia. Pontiac GTO ya mwisho ya kizazi kile ilitoka mwaka 1974. Magari yaliyokuwa fahari ya mtaa yakawa mzigo, na watu wakayauza kwa bei ya kutupa au kuyapeleka kuvunjwa. 

Na huku kwetu? Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza zairianisation: biashara na mashamba ya wageni yakagawiwa Wazaire, mara nyingi watu wa karibu na utawala. Maduka mengi yakafilisika haraka. Mwaka uliofuata bei ya shaba ikaanguka. Mafuta yakawa ghali, piesi zikakosekana, barabara za ndani zikaanza kuliwa na majani. Aliyekuwa na motokari aliiegesha. Asiye nayo alibaki na kichwa chake, mgongo wake na mzigo wake.

Ni katika miaka hiyo ya 1970 ndipo historia inaiweka chukudu katika milima yetu ya Kivu Kaskazini. Mbao ngumu, magurudumu mawili ya mti, ubao wa kuwekea goti, usukani unaofanana na pembe za ng'ombe, na kipande cha mpira kuzunguka gurudumu. Haina moteri. Mteremko unaipeleka, na kwenye mlima mwenye nayo anaisukuma. Inabeba mamia ya kilo: viazi, makabichi, makala, mbao, maji, na siku za taabu inabeba mgonjwa.

Ule mpira wa gurudumu unatoka wapi? Kwenye mpira wa gari uliokwisha. Basi gari iliyokufa ilikuwa inaendelea kutembea ndani ya chukudu. Mgogoro uleule wa mafuta ulioifunga gari ya misuli kule Detroit uliongeza njaa ya usafiri huku kwetu, na watu wetu wakajibu kwa shoka na msumeno.

Kwa nini Goma haina magari ya zamani

Leo Mmarekani anayetafuta gari ya misuli anaweza kulipa pesa za ajabu. Plymouth Hemi 'Cuda ya mwaka 1971, ile ya paa la kufunguka, zilitengenezwa 11 tu kwa sababu wakati ule wanunuzi walikuwa wachache. Mwaka 2014 moja iliuzwa dola milioni 3,5. Kitu kilichokosa mnunuzi dukani kikawa lulu kwa sababu kilikuwa kimebaki kichache.

Lakini ili gari ikae miaka 50, inahitaji kitu kimoja ambacho hakiuzwi mnadani, nacho ni paa lisilobomolewa. Mengi ya magari yanayopatikana leo yalilala ndani ya ghala la shamba, yamefunikwa vumbi, miaka 20 au 30, mpaka mjukuu akafungua mlango. Mlango ulikuwepo bado, ghala lilikuwepo, na mjukuu alikuwa hajahama.

Tujiangalie sisi. Tarehe 10 Januari 1977 Nyiragongo ilipasuka na kumwaga lava kwa kasi kubwa. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji mpaka ziwani, ikafunika zaidi ya asilimia 10 ya mji na sehemu ya uwanja wa ndege. Tarehe 22 Mei 2021 ilishuka tena, ikasimama karibu na mji. Na kati ya mlipuko na mlipuko kulikuwa na vita: 1996, 1998, 2012, na mwisho wa Januari 2025. Kila mara kulikuwa na watu waliofunga mlango wakiwa na mtoto mgongoni na godoro kichwani. Gari, ikiwa ilikuwepo, ilibeba watu mpaka esansi ikaisha, ikaachwa kando ya njia. Nyingine ilichukuliwa. Nyingine imo chini ya mawe meusi tunayojengea nyumba juu yake.

Na zile zilizobaki, mikono yetu ilizigeuza. Aluminiamu ya moteri iliyeyushwa ikawa sufuria, springi ikafuliwa ikawa panga na jembe, mpira ukawa kandambili, ukanda wa kufungia mzigo, na gurudumu la chukudu. Kwa hiyo mtu asiseme kwamba sisi hatujui kutunza vitu. Tumetunza chuma kwa kukila chote. Tulichokosa ni amani ya miaka 50 mfululizo mahali pamoja.

Wanavyonunua wao

Sasa tuangalie namna mnunuzi mwenye akili anavyonunua gari ya misuli, kwa maana hapo ndipo somo lilipo.

Jambo la kwanza haangalii rangi. Anatafuta numero ya shasi. Tangu mwaka 1981 magari ya Marekani yana numero ya alama 17 kwa utaratibu mmoja. Kabla ya hapo kila kampuni ilikuwa na utaratibu wake, kwa hiyo mnunuzi anapaswa kujua kuisoma kwa kila aina.

Jambo la pili anashuka kwenye moteri. Kuanzia mwaka 1968, General Motors ilipiga kwenye moteri sehemu ya numero ya shasi. Kama zinalingana, moteri hiyo ilizaliwa pamoja na gari hiyo. Kama hazilingani, gari inaweza kuwa nzuri na yenye nguvu, lakini bei inashuka sana, kwa sababu imechanganywa.

Jambo la tatu anauliza makaratasi. Tukumbuke ile GTO ya 1964 iliyouzwa kama nyongeza. Numero yake ya shasi haisemi kwamba ni GTO, inasema tu ni Pontiac ya aina fulani. Mjanja anaweza kuchukua Tempest ya kawaida, akaibandika majina na moteri kubwa, akaiuza kwa bei ya GTO. Kinachomkamata ni karatasi ya kiwanda ya siku ile gari ilipotoka. Ndiyo sababu risiti ya zamani, kitabu cha huduma, picha ya babu amesimama kando ya gari mwaka 1966, vyote vina bei. Mnunuzi ananunua ushahidi kwanza, chuma baadaye.

Jambo la nne anatafuta kutu chini ya rangi mpya, kwenye sakafu na nyuma ya magurudumu, kwa sababu rangi nzuri inaweza kuficha bodi iliyooza.

Na akishanunua, kazi ndiyo inaanza: asiransi, mahali pakavu pa kuiweka, piesi za kutafuta mbali, mekanisie anayejua kabureta, na kuiwasha mara kwa mara ili isigande. Kumiliki ni kazi ya kila mwezi, na kazi kubwa ndani yake ni kuandika: nani alifanya nini, siku gani, kwa pesa ngapi.

Somo kwa familia iliyohama

Ndugu wahami, hapa ndipo ninyi mnaingia katika historia hii.

Magari mengi ya Goma ni Toyota zilizotumiwa Japani au Dubai, zikapita Mombasa au Dar es Salaam mpaka kwetu. Nyingi zina usukani upande wa kuume hata kama sisi tunaendesha upande huohuo wa kuume. Zikifika zinauzwa kutoka mkono hadi mkono. Mtu ananunua kwa ndugu, anapewa funguo na karte rozi yenye jina la mwenye gari wa kwanza, na mambo yanaishia hapo. Moto ni vilevile. Wakati wa amani haileti shida, kwa sababu mtaa mzima unajua ile moto nyekundu ni ya baba fulani.

Lakini vita inapowatawanya watu, inaondoa mashahidi. Jirani aliyekuwa anajua yuko Bukavu, mwingine Kampala, mwingine amefariki. Baada ya miezi mingi unarudi unaikuta moto yako chini ya mtu mwingine, naye anasema aliinunua, na labda ni kweli aliinunua kwa mtu asiye na haki ya kuuza. Hapo machozi hayatasaidia. Mtaulizana kitu kilekile kilichoulizwa kule Florida mbele ya ile Mustang: nini kinaonyesha kwamba ni hii?

Kwa hiyo, yeyote mwenye chombo, hata kama kimebaki nyuma, afanye haya akiwa bado na nafasi. Andika numero ya shasi, numero ya moteri na plake kwenye daftari, siyo kwenye telefone peke yake, maana telefone nayo inaibiwa. Piga picha ya karte rozi, ya risiti, na ya chombo chenyewe huku wewe ukionekana. Tuma picha hizo kwa ndugu wawili wanaoishi sehemu tofauti. Kama ulinunua bila karatasi, tafuta aliyekuuzia na mashahidi wenu wawe wangali hai, muandike karatasi ya kuuziana, kila mmoja aweke mkono wake. Kama uliachia mtu chombo akutunzie, andikianeni, hata kama ni shemeji. Kuandikiana hakuvunji undugu. Mara nyingi ndiko kunaulinda.

Na wewe mwenye chukudu? Hiyo haina plake wala karte rozi, lakini ni mtaji wa nyumba nzima. Inalipa karo ya watoto na unga wa jioni. Fundi aliyeichonga anaijua kazi ya mkono wake. Choma alama yako chini ya ubao, mahali pasipoonekana haraka, na uandike jina la fundi na mwaka. Hiyo ndiyo numero yako ya shasi.

Goma imekwisha kuiheshimu chukudu. Tangu mwaka 2009 sanamu yake ya rangi ya dhahabu inasimama katikati ya mji, na rond-point ile imepata jina lake. Ni kama Wamarekani walivyofanya: chombo cha mtu wa kawaida kimekuwa kumbukumbu ya wote. Ila sanamu haituambii ni nani alichonga chukudu fulani, ya ukoo gani, iliyobeba nini mwaka 1994 wakati wakimbizi laki nyingi walipoingia Goma kwa siku chache. Hayo yamo vinywani mwa wazee, na wazee wengi sasa wako ugenini, ndani ya nyumba za kupanga au chini ya mahema.

Basi jioni ya leo, kama una mzee karibu, mwulize: chombo chenu cha kwanza kilikuwa kipi, kilinunuliwa wapi, kwa bei gani, kiliishia wapi? Andika jibu lake na utie tarehe. Familia moja ya Marekani ilitunza barua kwa zaidi ya miaka 40 bila kujua itakuwa na thamani gani. Karatasi yako huenda isilete milioni, lakini siku ya kurudi nyumbani inaweza kukurudishia kilicho chako.